Ucheshi kama Ruhusa ya Kuuliza: Ufafanuzi wa Riwaya ya Upelelezi ya Watoto kwa Kurejelea Mandhari ya Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna riwaya ya upelelezi ya watoto yenye ucheshi inavyojengwa na kufanya kazi. Hoja kuu ni kwamba ucheshi katika utanzu huu si pambo la kumvutia msomaji mdogo tu. Katika jamii ambamo mtoto halelewi kumhoji mkubwa, ucheshi ndio unaompa mpelelezi mtoto ruhusa ya kuuliza, na bila maswali hakuna upelelezi. Hoja hiyo inaelezwa kwa kurejelea riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, mifano michache ya kigeni, desturi ya utani, na mandhari ya Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Mwisho, makala yanajadili mahali ambapo kicheko kinapaswa kukoma, na yanapendekeza vigezo vitatu vya kuhakiki kazi za aina hii.

1.0 Utangulizi

Riwaya ya upelelezi ya watoto yenye ucheshi ina sifa tatu zinazoitofautisha na tanzu jirani. Kwanza, anayepeleleza ni mtoto, au kundi la watoto, asiye na cheo wala mamlaka ya kisheria. Pili, kuna fumbo linaloweza kufumbuliwa kwa vidokezo ambavyo msomaji naye amevipitia. Tatu, ucheshi umo ndani ya msuko wenyewe, kiasi kwamba ukiuondoa, msuko unavunjika. Kazi yenye sifa mbili za kwanza bila ya tatu ni riwaya ya upelelezi ya watoto. Kazi yenye vichekesho visivyogusa fumbo ni hadithi ya kuchekesha ambayo kwa bahati ina mwizi ndani yake.

Sifa ya tatu ndiyo isiyofafanuliwa vya kutosha. Wahakiki huutaja ucheshi kwa sentensi moja, kwamba unaburudisha na unafaa umri wa wasomaji, kisha huendelea na dhamira na maadili. Makala haya yanauliza swali jingine: ucheshi unafanya kazi gani ambayo hakuna mbinu nyingine ingeweza kuifanya?

Eneo la Moshi limechaguliwa kwa sababu mbili. Mtafiti amelelewa huko, hivyo anaijua mikondo ya mazungumzo kati ya watoto na wazee wa eneo hilo. Aidha, miteremko ya Kilimanjaro ina mpangilio wa makazi unaolifaa fumbo la upelelezi, kama itakavyoonyeshwa katika sehemu ya nne.

2.0 Usuli: Mpelelezi Mtu Mzima na Pengo la Mpelelezi Mtoto

Riwaya ya upelelezi si ngeni katika Kiswahili. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliiwekea msingi kwa Mzimu wa Watu wa Kale (1960), akamjenga Bwana Msa, mvuta kiko mtulivu anayefumbua mauaji kwa kufikiri. Kisima cha Giningi (1968), Siri ya Sifuri (1974) na nyinginezo zilimwendeleza mhusika huyo. Upande wa bara, Faraji Katalambulla aliandika Simu ya Kifo (1965). Baadaye Elvis Musiba alimleta Willy Gamba, na Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Bunilizi hizi zilijenga hadhira kubwa, ingawa wahakiki walizitia kwa muda mrefu katika kapu la fasihi pendwa na kuzipa nafasi ndogo.

Wapelelezi hawa wanatofautiana sana, lakini wote ni watu wazima, na kila mmoja ana chanzo cha mamlaka. Willy Gamba ana dola nyuma yake. Bwana Msa si polisi, lakini umri, elimu na heshima yake vinamfungulia milango, akiuliza, anajibiwa. Kwa Abdulla pia ucheshi umo, hasa kupitia Najum, rafiki wa Bwana Msa, ambaye makisio yake yasiyo sahihi humfanya msomaji atabasamu. Hata hivyo, ucheshi huo unakaa pembeni mwa mpelelezi. Bwana Msa angeweza kufumbua fumbo lake bila mtu yeyote kucheka.

Kwa upande wa watoto, kazi iliyo karibu zaidi na utanzu huu ni Marimba ya Majaliwa (2008) ya Edwin Semzaba, mwandishi aliyejulikana kwanza kwa tamthilia yake ya Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Katika riwaya hiyo, msako wa marimba iliyoibwa unampitisha mhusika mtoto katika sehemu nyingi za Tanzania. Kuna kitu kilichopotea, kuna msako na kuna wepesi wa kuchekesha. Hata hivyo, kinachousukuma msuko zaidi ni safari na maajabu ya nchi, kuliko vidokezo na maswali. Ni riwaya ya kisafari inayopakana na upelelezi. Mpelelezi mtoto anayekaa kijijini kwake na kuwahoji watu anaowajua bado hajapata nafasi yake katika riwaya ya Kiswahili.

Pengo hili lina uzito. Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, lakini mwanafunzi akiingia kidato cha kwanza, vitabu vyake karibu vyote huwa vya Kiingereza. Miaka ambayo mtoto wa Kitanzania anaweza kuzoea kusoma riwaya kwa Kiswahili kwa raha yake ni michache. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, ulifanya kazi kubwa ya kuongeza vitabu vya umri huo. Lakini soko kuu la mchapishaji limebaki kuwa shule, na shule hutaka kitabu chenye funzo la adabu. Hapo ndipo mpelelezi mtoto anapopata shida, kwa kuwa kazi yake ni kuwashuku wakubwa.

3.0 Tatizo la Adabu na Jawabu la Utani

Tzvetan Todorov, katika makala yake ya mwaka 1966 kuhusu aina za riwaya ya upelelezi, alieleza kwamba riwaya hiyo ina visa viwili: kisa cha tukio, ambacho kimekwisha kabla kitabu hakijaanza, na kisa cha uchunguzi. Kisa cha kwanza kinafikiwa kupitia cha pili, na cha pili kwa sehemu kubwa ni mfululizo wa maswali. Kwa hiyo riwaya ya upelelezi inategemea sharti moja lisilosemwa: kuwe na mtu mwenye haki ya kuuliza.

Mtoto wa Kilimanjaro, kama wenzake wengi nchini, hana haki hiyo. Methali zenyewe zinagongana juu yake. Anaambiwa kuuliza si ujinga, kisha anaambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kimatendo, methali ya pili ndiyo yenye nguvu. Mtoto humwamkia mkubwa, husubiri kuulizwa hali, hujibu, kisha hutumwa. Akimwuliza mzee, “Jana usiku ulikuwa wapi?” amekwisha kuitwa mtovu wa adabu kabla jibu halijapatikana.

Tatizo hili si la Afrika Mashariki peke yake. Katika Emil und die Detektive (1929) ya Erich Kästner wa Ujerumani, Emil anaibiwa marki 140 ndani ya treni ya kwenda Berlin. Hamwiti polisi, kwa sababu siku chache kabla alilichora sanamu la mtawala mmoja wa zamani pua nyekundu na masharubu, na sasa anaogopa kukamatwa. Tukio la kuchekesha ndilo linalomfungia mtoto mlango wa mamlaka na kumlazimisha kupeleleza kwa msaada wa watoto wenzake. Kästner alitambua kwamba mtoto huja kwenye upelelezi akiwa mdogo, mwoga na mwenye makosa yake. Enid Blyton wa Uingereza alipita njia nyingine katika mfululizo ulioanza mwaka 1943: alimfanya polisi wa kijiji, Bwana Goon, kuwa mtu wa kuchekwa, ili watoto wapate nafasi ya kumtangulia.

Njia ya Blyton haihamishiki kirahisi. Kumfanya mtu mzima kuwa mjinga tangu ukurasa wa kwanza ni kukata tawi ambalo mwandishi wa Kiswahili amelikalia, kwa kuwa mzazi na mwalimu ndio wanaokifikisha kitabu mkononi mwa mtoto. Jawabu linapaswa kutafutwa ndani ya jamii yenyewe, na lipo: ni utani.

Utani ni uhusiano unaoruhusu maneno ambayo nje yake yangekuwa matusi. R. E. Moreau aliandika juu ya desturi hiyo katika Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1940, na wengi wamemfuata. Wachagga na Wapare hutaniana kwa jambo lolote, kuanzia ubahili hadi kesi. Hata msibani, mtani anaweza kusema analolifikiria mbele ya wafiwa, na hakuna anayemkamata shati. Muhimu zaidi kwa mada hii, katika jamii nyingi za Tanzania babu na bibi ni watani wa wajukuu. Mjukuu humwita babu yake “mume mwenzangu”, na bibi humwita mjukuu wa kiume “mume wangu”. Kile ambacho mtoto hawezi kumwuliza baba, anaweza kumwuliza babu, mradi akiulize kwa mzaha.

Hivyo basi, mpelelezi mtoto wa Kiswahili hahitaji kupewa kitambulisho wala bastola. Anahitaji bibi. Utani unamruhusu kuuliza kwa kuchekesha, na mkubwa naye hujibu kwa kuchekesha, huku ukweli ukipita katikati bila mtu kuvunjiwa heshima.

4.0 Mandhari ya Miteremko na Kielelezo cha Fumbo

Fumbo zuri huhitaji duara lililofungwa: idadi ndogo ya washukiwa wanaojuana. Waandishi wa Uingereza walilipata duara hilo katika jumba la mashambani. Miteremko ya Kilimanjaro inalo katika kihamba. Nyumba za ukoo mmoja hukaa jirani, zimezungukwa na migomba na mikahawa, na mipaka hutambuliwa kwa masale, mimea ambayo Wachagga huitumia pia kuombea msamaha. Mifongo, yaani mifereji ya asili ya kumwagilia, hupita katika mashamba ya watu wengi, hivyo maji ya mmoja hubeba habari za mwingine. Kila njia ina mtu anayeipita, na kila anayepita huonekana.

Mwezi Desemba duara hilo hujaa. Wachagga wanaoishi Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hurudi kula Krismasi nyumbani. Magari hupandisha Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, mbege hupikwa, mbuzi hununuliwa. Watu wa ukoo mmoja wasioonana mwaka mzima hulala chini ya paa moja, kila mmoja na siri zake. Mwandishi wa upelelezi hana haja ya kutafuta wahusika, wamekuja wenyewe.

Ndani ya duara hilo mtoto ana nyenzo moja ambayo mtu mzima hana: anatumwa. Mtoto aliyebeba kidumu au sahani iliyofunikwa kitambaa anaweza kuingia ua wowote bila kuulizwa sababu. Mtafiti anakumbuka kwamba katika utoto wake habari zote za kijiji zilipatikana katika safari ya kupeleka maziwa. Kutumwa, ambako watoto hukuona kama adhabu, ndiko kunakompa mpelelezi kibali cha kutembea.

Ili kufafanua hoja, tuchukue kielelezo kilichobuniwa na mtafiti kwa ajili ya makala haya tu. Mbuzi aliyenunuliwa kwa ajili ya Krismasi ametoweka usiku wa kuamkia mkesha. Ukoo unamshuku kijana aliyerudi kutoka mjini na madeni. Mjukuu wa miaka kumi na mmoja anaamua kupeleleza. Anaanza kwa babu:

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Hujambo? Mama yako hajambo? Umekula?”

“Nimekula. Babu, nina maswali matatu ya upelelezi.”

“Vizuri. Mpelelezi hodari huanza dukani. Kaniletee chumvi ya mia tano, halafu uje na hayo maswali.”

Mpelelezi anakwenda dukani mara tatu kwa siku moja, na kila akirudi swali lake limesahauliwa. Jikoni, bibi anacheka: “Hospitali walimkataza chumvi, sasa anaila kwa kujificha kama mtoto. Na meno yenyewe yamekwisha. Siku hizi babu yako anamsifia mbuzi akiwa anatembea kuliko akiwa kwenye sahani.” Wote wanacheka, na msomaji naye anacheka.

Jawabu lilikuwa ndani ya kicheko hicho. Babu hali chumvi. Mbuzi ndiye anayeilamba. Mzee amemficha mnyama ng’ambo ya mfongo kwa sababu amemzoea na hataki achinjwe, lakini ataonaje uso wa kuliambia hilo kwa ukoo uliosafiri kutoka mbali kuja kula nyama?

5.0 Kazi Tatu za Ucheshi katika Msuko

Kielelezo hiki kinadhihirisha kazi tatu. Ya kwanza ni kufungua mlango wa swali. Mazungumzo ya babu na mjukuu yanachekesha kwa sababu taratibu mbili zimekutana: utaratibu wa mahojiano, ambapo mwulizaji ndiye mwenye nguvu, na utaratibu wa maamkizi, ambapo mdogo ndiye anayeulizwa. Nadharia ya ukinzani, inayohusishwa na Kant na Schopenhauer, huona chanzo cha kicheko katika mgongano wa namna hiyo kati ya kinachotarajiwa na kinachotokea. Lakini hapa mgongano huo una matokeo pia: mtoto ametamka neno “upelelezi” mbele ya mzee na hakukemewa.

Kazi ya pili ni kuficha kidokezo. Kanuni ya utanzu ni kwamba msomaji aone kila alichokiona mpelelezi. Ufundi ni kumfanya akione bila kukitilia maanani. Katika kitabu cha Kästner, Emil anazibana noti zake kwa pini ndani ya mfuko wa koti. Jambo dogo la mtoto mwenye wasiwasi, ambalo baadaye linakuwa ushahidi, kwa kuwa noti zina matundu. Kicheko hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwa sababu msomaji aliyekwisha kucheka huamini kwamba sentensi imemaliza kazi yake. Chumvi imemchekesha, hana sababu ya kuifikiria tena. Hapa riwaya inakutana na kitendawili, ambacho mtoto wa Kiswahili anakijua kabla ya kujua kusoma. Mtegaji husema ukweli wote waziwazi, ila huuvika vazi jingine. Na mteguaji akishindwa, hutoa mji, kisha huambiwa jibu na kushangaa kwamba lilikuwa mbele yake.

Kazi ya tatu ni kuipunguza makali hukumu. Riwaya ya upelelezi ya watu wazima huishia kwenye pingu au risasi. Ya watoto, inayotokea ndani ya ukoo, haiwezi kuishia hivyo, maana kesho mpelelezi na mkosaji watakula meza moja. Mjukuu anayejua ukweli hawezi kumwumbua babu mbele ya watoto wake. Lakini anaweza kusimama usiku wa mkesha na kutega kitendawili juu ya mzee asiye na meno ambaye chumvi yake inaliwa na mwingine. Babu atacheka kwanza, na kicheko chake ndicho kitakachokuwa ungamo. Kinachobaki ni jani la isale, kijana wa mjini kuombwa radhi, na ukoo kula ndizi nyingi kuliko ilivyopangwa.

6.0 Mipaka ya Kicheko

Ikiwa ucheshi ni ruhusa, basi ruhusa hiyo ina mipaka. Old Moshi inatoa mfano usioweza kupuuzwa. Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani mwezi Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na kwa mujibu wa kumbukumbu za jamii yake kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Wazao wake wamekitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewezesha mabaki ya watu kadhaa kutoka Kilimanjaro kuhusishwa na jamaa zao walio hai, akiwamo mmoja wa washauri wa Mangi Meli. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikuwa miongoni mwa mabaki hayo.

Huo ni upelelezi halisi: una vidokezo, rekodi zilizopotea, na maswali yaliyoulizwa bila kukoma kwa zaidi ya karne. Mwandishi wa watoto angeweza kuvutiwa nao. Lakini kazi tatu za ucheshi zilizoelezwa hapo juu zinaonyesha kwa nini utanzu huu hauufai. Utani unaruhusu swali pale tu anayeuliza na anayeulizwa watabaki jamaa. Hapa anayeulizwa ni dola iliyotenda kosa. Kidokezo hakiwezi kufichwa ndani ya mzaha pale ambapo kila kidokezo ni mwili wa mtu. Na hukumu haipaswi kupunguzwa makali kabla haijatolewa. Mtoto wa Old Moshi anastahili kukisoma kisa hicho kwa Kiswahili, lakini katika utanzu mwingine.

Mpaka wa pili unahusu anayechekwa. Kejeli ikielekezwa kwa mnyonge, mathalani mlemavu, maskini au mtu wa kabila jingine asiye mtani, inageuka kuwa dharau. Utani wa kweli ni wa pande mbili: anayetania hutaniwa. Kwa hiyo kipimo kizuri ni kuangalia kama mpelelezi mwenyewe anachekwa kabla ya kuwacheka wengine. Katika kielelezo chetu, mtoto aliyetumwa chumvi mara tatu amelipa deni lake mapema.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ucheshi katika riwaya ya upelelezi ya watoto unafungua swali, unaficha kidokezo na unapunguza makali ya hukumu. Kutokana na hayo, yanapendekeza vigezo vitatu vya uhakiki. Je, kicheko kinampa mtoto nafasi ya kuuliza ambayo asingeipata kwa njia nyingine? Je, kuna kidokezo ndani ya kicheko ambacho msomaji akirudi nyuma atakikuta? Je, baada ya fumbo kufumbuliwa, watu waliobaki katika hadithi wanaweza kuendelea kuishi pamoja?

Vigezo hivi vinajibu pia wasiwasi wa wanaotathmini vitabu vya shule, kwamba mpelelezi mtoto hufundisha utovu wa adabu. Kinyume chake, riwaya iliyojengwa juu ya utani humfundisha msomaji jinsi ya kumwuliza mkubwa jambo zito bila kumvunjia heshima, na humkumbusha mkubwa kwamba swali la mtoto lilikuwa na njia yake tangu zamani. Mtoto asiyeuliza hakosi fumbo la mbuzi tu. Yapo mambo mengi nyumbani yanayoendelea kwa sababu mtoto aliyeyaona hakujua ayaulize vipi. Mtafiti anapendekeza kwamba tafiti zijazo ziende kwa watoto wenyewe, katika shule za Moshi na kwingineko, zisikilize wanacheka wapi wanaposoma, na zichunguze ni swali gani wanalokaribia kuliuliza pale wanapocheka.